BUNDUKI FUPI NA SAFARI YAKE NDEFU

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wenzangu katika chama chetu cha Kiswahili wameandika juu ya mashairi, juu ya methali na juu ya mchezo wa bao. Mimi nimechagua jambo ambalo huenda likakushangaza kidogo. Nimechagua bunduki. Tena si bunduki yoyote, bali zile bunduki za kijeshi zilizofupishwa kwa makusudi, ambazo askari wa Kiafrika walizibeba katika vita vya wenyewe, kisha zikageuzwa na kuelekezwa kwetu.

Usije ukadhani nasifu silaha. La hasha! Silaha haina sifa. Lakini Historia tunayosoma darasani hututajia wafalme, majenerali na mikataba, na mara chache hutueleza kile kitu ambacho askari alikishika mkononi usiku na mchana. Nami naamini kwamba ukikifahamu kitu hicho, utamfahamu na mtu aliyekibeba.

Kabla sijaenda mbali, niondoe kosa moja. Vijana wengi hapa Tudor wakisikia "bunduki fupi" wanafikiria ile ya jambazi, iliyokatwa mtutu kwa msumeno ili ifichike ndani ya koti. Hiyo ni habari nyingine kabisa. Ile ni kazi ya gizani, na kumiliki bunduki bila ya cheti ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya. Mimi naeleza juu ya bunduki iliyofupishwa kiwandani, kwa amri ya serikali, kwa sababu zilizojadiliwa na wakubwa wa jeshi. Sababu hizo ndizo kisa chenyewe.

BUNDUKI YA KOMEO NI NINI?

Hebu fikiria mlango wa nyumba ya Mji wa Kale. Nyuma ya mlango pana komeo. Ukilisukuma linaingia tunduni, mlango umefungwa. Ukilivuta, mlango uko wazi. Basi bunduki ninayoieleza imeundwa kwa wazo lilo hilo. Nyuma ya mtutu pana chuma cha mviringo chenye mkono mdogo pembeni. Askari huuinua ule mkono na kuuvuta nyuma, na ganda tupu la risasi iliyokwisha kupigwa linaruka nje. Kisha husukuma mbele, na risasi mpya iliyokuwa ikingoja ndani ya sanduku chini yake inapanda na kuingia mahali pake. Anaushusha mkono, komeo limefunga, bunduki iko tayari. Kila risasi moja inadai kazi hiyo yote kwa mkono. Si kama zile za kwenye sinema ambazo mtu hushika tu na risasi zikamwagika kama mvua.

Kabla ya hapo watu wa pwani walijua gobori, ambayo hushindiliwa baruti na risasi kupitia mdomoni. Mwenye gobori akishapiga mara moja, adui huwa na nafasi ya kumfikia kabla hajashindilia tena. Komeo liliondoa taabu hiyo.

KWA NINI ZILIKUWA NDEFU?

Hapo zamani bunduki ya askari wa miguu ilikaribia kimo cha kijana wa darasa la saba. Sababu zilikuwa tatu. Kwanza, baruti nyeusi ya siku hizo ilihitaji mtutu mrefu ili iisukume risasi kwa nguvu ya kutosha. Pili, askari walipiga wakiwa wamejipanga safu mbele na safu nyuma. Mtutu ukiwa mfupi, wa nyuma atamchoma mwenzake masikio. Tatu, mwishoni mwa bunduki huchomekwa singe, na askari wa miguu alitaka silaha ndefu ya kumzuia adui aliyepanda farasi.

Wapanda farasi wenyewe walipewa bunduki fupi sana, maana huwezi kuhangaika na chuma kirefu juu ya mnyama anayekimbia. Kwa hivyo kila jeshi lilikuwa na bunduki za aina mbili, ndefu ya watembeao na fupi ya wapandao.

Mwaka 1886 Wafaransa wakaanza kutumia baruti isiyotoa moshi mwingi, yenye nguvu kuliko ile nyeusi. Mataifa mengine yakafuata. Sasa mtutu mrefu haukuwa na lazima kama zamani, lakini mazoea yana taabu. Waingereza walipoanza kutumia bunduki ya Lee-Enfield mwaka 1895, bado waliifanya iwe na urefu wa karibu sentimita 126. Jina la Lee ni la fundi aliyebuni komeo lake, James Paris Lee, na Enfield ni mahali palipokuwa na kiwanda cha serikali huko Uingereza.

MAKABURU WATOA SOMO

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mwaka 1899 Waingereza waliingia vitani na Makaburu huko Afrika Kusini. Makaburu walikuwa wakulima na wawindaji, lakini mikononi walikuwa na bunduki za Mauser kutoka Ujerumani. Risasi tano zilibanwa pamoja katika kibanio kimoja, na zote zikaingizwa kwa msukumo mmoja wa kidole gumba. Mwingereza alikuwa akitia risasi moja moja kama mtu anayetia shanga uzini. Tena Makaburu walipanda farasi kwenda, wakashuka wakapigana kwa miguu, wakapanda tena wakatoweka. Ikawa haieleweki tena nani ni askari wa miguu na nani wa farasi.

Vita vilipokwisha mwaka 1902, Waingereza walikata shauri kuwa na bunduki moja kwa wote. Mtutu wa sentimita 77 hivi ulipunguzwa hadi sentimita 64, na bunduki nzima ikawa na urefu wa sentimita 113. Sanduku lake lilichukua risasi kumi, na sasa zilitiwa kwa vibanio vya tano tano. Ikaitwa "fupi", ijapokuwa kwetu sisi bado ni ndefu!

Wazee wa jeshi walilalamika. Wengine walisema haitalenga vizuri, wengine wakasema askari atashindwa katika kupigana kwa singe. Unajua serikali ilifanya nini? Mwaka 1907 ilitoa singe mpya yenye ubavu wa sentimita 43, ndefu kuliko ile iliyotangulia. Yaani walifupisha bunduki, wakarefusha kisu.

Wajerumani walichelewa. Mauser yao ya mwaka 1898 ilikuwa na sentimita 125, na askari wao wa miguu waliendelea nayo katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mnamo 1935 ndipo walipoamua rasmi kuwa na bunduki fupi kwa wote, yenye sentimita 111. Hata jina lake likaongezwa neno la Kijerumani lenye maana ya "fupi".

VITA VYAFIKA MLANGONI KWETU

Mwaka 1914 vita vya Wazungu vilifika hapa. Kenya ilikuwa chini ya Mwingereza, na Tanganyika chini ya Mjerumani. Wahenga walisema, wapiganapo ndovu wawili ziumiazo ni nyasi. Sisi ndio tuliokuwa nyasi.

Mwanzoni mwa vita hivyo askari wengi Waafrika wa jeshi la Kijerumani hawakuwa na Mauser ya mwaka 1898. Walipewa ile ya mwaka 1871, iliyokuwa imekwisha kuwekwa kando huko Ulaya. Ilitiwa risasi moja tu kwa kila pigo, tena ilitumia baruti nyeusi. Kila askari alipopiga, wingu la moshi lilipaa juu ya kichwa chake. Hebu jiweke wewe mahali pake, umejificha kichakani, ukipiga mara moja tu adui wote wanakuona uliko! Silaha nzuri zilianza kwa Mzungu, na makuukuu yakamshukia Mwafrika.

Mwishoni mwa Oktoba 1914 meli zilizobeba jeshi la Waingereza na Wahindi kutoka Bombay zilisogea pwani yetu, na jenerali wao akashauriana na wakubwa wa hapa Mombasa. Kisha jeshi lile likateremka Tanga tarehe 2 Novemba. Walikuwa wapatao 8,000, na Wajerumani pamoja na askari wao walikuwa kama 1,000 tu. Lakini Waingereza walipigwa, na hata nyuki waliochokozwa na risasi waliingia vitani. Mpaka leo vita hivyo huitwa Vita vya Nyuki. Waliposhindwa, Waingereza walirudi melini na kuacha ufukweni bunduki za kisasa za kutosha kuzipa silaha kombania tatu, pamoja na risasi laki kadhaa. Kamanda von Lettow-Vorbeck wa Wajerumani aliziokota zote, akawagawia askari wake waliokuwa wakihangaika na moshi.

Kisa cha pili ni cha jirani zaidi. Mnamo Aprili 1915 meli ya Kijerumani iliyoitwa Rubens, iliyojifanya ni ya Denmark, ilifika ghuba ya Mansa, kaskazini ya Tanga, si mbali na mpaka wetu. Manowari ya Kiingereza ikaipiga ikazama kwenye maji machache. Waingereza wakaenda zao wakidhani kazi imekwisha. Kumbe shehena ilikuwa inafikika! Bunduki za Mauser na risasi zilitolewa majini. Risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi, kwa hivyo zikafunguliwa, baruti ikaanikwa juani, kisha zikafungwa tena moja moja kwa mikono. Kazi hiyo ilichukua wiki nyingi, na mingi ya mikono hiyo ilikuwa ya watu weusi.

Upande wa Mwingereza walikuwako askari wa King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902. Wazee waliliita Keya, kwa kutamka herufi zake KAR kwa Kiswahili. Walipoanza vita walikuwa kama 2,300, na walipomaliza mwaka 1918 walizidi 30,000. Na kwa kila mwenye bunduki walihitajiwa wapagazi kadhaa wa kumbebea chakula na risasi. Hao wapagazi hawakupewa bunduki, ndefu wala fupi. Makumi ya maelfu yao walikufa kwa kuhara, malaria na njaa. Jina lao limebaki midomoni mwetu bila ya sisi kujua, maana Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zote zimetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi.

Ukitaka kuona kwa macho yako masalia ya vita hivyo, nenda Fort Jesus. Pale pana mizinga miwili iliyokuwa maadui. Mmoja ni wa manowari ya Kijerumani Königsberg na mwingine ni wa manowari ya Kiingereza Pegasus, ambayo Königsberg iliizamisha bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Leo imekaa pamoja, na watoto huipanda wakapigwa picha.

KUTOKA KILINDINI HADI BURMA

Vita Vikuu vya Pili vilipoanza, Wakenya karibu laki moja waliingia jeshini. Kwanza walipelekwa Somalia na Uhabeshi kupigana na Waitaliano, vita vilivyokwisha Gondar mwezi wa Novemba 1941. Waitaliano nao walikuwa na bunduki zao za komeo zilizofupishwa, za aina ya Carcano. Ile ya wapanda farasi ilikuwa na sentimita 92 tu, na singe yake ilikunjwa chini ya mtutu kama kisu cha mfukoni.

Baadaye Keya walipelekwa mbali zaidi, kwenye misitu ya Burma, kupigana na Wajapani. Wengi walipakiwa melini hapa hapa Kilindini. Si wote waliofika. Mwanzoni mwa Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Ceylon ikiwa na watu 1,511. Miongoni mwao walikuwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi wanawake. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa makombora mawili. Ilizama kwa muda usiozidi dakika chache. Walikufa watu 1,297. Msomaji, sisi hupita Kilindini kwenda Likoni, tukalalamika kwamba feri inachelewa. Je, ni wangapi kati yetu tunaojua kwamba maji yale yale ndiyo waliyoyaaga wale?

Waliofika waliingia bonde la Kabaw katikati ya mwaka 1944, wakati wa masika ya huko. Matope yalifika magotini, ruba waliwanyonya damu, na homa haikuacha mtu. Mwanzoni mwa Disemba kikosi cha Afrika Mashariki kiliuteka mji wa Kalewa kando ya mto Chindwin.

Katika msitu kama ule, bunduki ya sentimita 113 ni mzigo. Hunasa kwenye mitambaazi, hugonga matawi, na huchelewa kugeuka adui akitokea ubavuni. Hata Mjapani alisumbuka, maana bunduki yake ya zamani ilikuwa na sentimita 128, nayo ikichomekwa singe ilikaribia kumpita yeye mwenyewe kimo.

Ndipo Waingereza walipotengeneza bunduki fupi kuliko zote walizowapa askari wao wa miguu. Kiwandani iliitwa Lee-Enfield Namba 5, na wengi waliiita "bunduki ya msituni". Ilianza kutengenezwa mwaka 1944. Urefu wake ulikuwa sentimita 100, mtutu wake sentimita 48 hivi, na uzito wake kilo 3.2, karibu kilo moja chini ya nyenzake za wakati ule. Walikata mbao, wakachonga vyuma mahali visipohitajika, na mdomoni wakaweka kitu kama faneli ya kumiminia mafuta ya taa. Kwenye kitako wakapigilia kipande cha mpira.

Vita vilikwisha mwaka 1945 wakati bunduki hiyo ndiyo kwanza inaenea. Keya wengi walikuwa wamekwisha kuuvuka ule msitu na zile ndefu.

NEWTON HADANGANYWI

Hapa nataka kueleza kwa nini kulikuwa na faneli na mpira, kwa sababu somo la Fizikia la Kidato cha Tatu linaeleza vizuri kabisa.

Kanuni ya tatu ya Newton yasema kila nguvu ina nguvu sawa inayorudi upande wa pili. Risasi ikienda mbele, bunduki hurudi nyuma na kukupiga begani. Risasi ya Mwingereza ilikuwa na gramu 11.3 hivi, nayo ilitoka kwa mwendo wa mita 744 kwa sekunde. Ukizidisha unapata kama 8.4. Gawanya kwa uzito wa bunduki ndefu wa kilo 4.1, na bunduki inarudi nyuma kwa mwendo wa mita 2 na ushei kwa sekunde. Gawanya kwa kilo 3.2 za ile fupi, unapata mita 2.6. Hesabu hii ni ya kidaftari, maana sikutia uzito wa gesi, na mtutu mfupi hupunguza mwendo wa risasi kidogo. Hata hivyo inaonyesha wazi kwamba bunduki ikipungua uzito, bega la askari ndilo linalolipa. Tena kile kipande cha mpira kilikuwa chembamba na kigumu kikizeeka, kwa hivyo hakikusaidia sana.

Na faneli je? Mtutu ukiwa mfupi, baruti haimalizi kuungua ndani. Inayobaki huwakia nje, mbele ya uso wa askari. Usiku mwako huo humfumba macho mwenye bunduki na kumfumbua macho adui. Faneli iliwekwa ili kuuficha mwako. Kishindo nacho kilikuwa kikubwa mno.

Mwishowe askari wakalalamika kwamba bunduki hiyo haitulii shabaha. Leo ukiipima inapiga katikati, kesho inapiga kando. Mwaka 1947 Waingereza wakaacha kuitengeneza, zikiwa zimekwisha kutengenezwa kama robo milioni.

Unaona basi? Hakuna cha bure. Kila sentimita iliyopunguzwa ililipiwa kwa bega, kwa masikio, ama kwa shabaha.

BUNDUKI YA MSITUNI YAINGIA MSITU WETU

Ungedhani hapo ndio mwisho wa kisa. Sivyo. Robo milioni ya bunduki haitupwi baharini. Zilipelekwa Malaya, ambako Waingereza walipigana na wapiganaji wa msituni kuanzia 1948, na Keya wengine walipelekwa huko vilevile. Kisha tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Baring alitangaza Hali ya Hatari hapa Kenya. Bunduki iliyobuniwa kwa ajili ya msitu wa Burma ikaingia msitu wa Nyandarua na wa Mlima Kenya.

Nami nilianza kuitafuta habari hii kwa sababu ya neno moja la nyanya yangu mzaa baba. Watu wa upande wa baba walitoka Nyeri kabla ya kuhamia hapa kisiwani. Nyanya alikuwa mtoto mdogo wakati wa Hali ya Hatari, akiishi katika kijiji kilichozungushiwa handaki na vijiti vyenye ncha. Akisimulia siku hizo hasemi habari za Gavana wala za Chifu. Anasema juu ya bunduki yenye mdomo kama faneli, kwa sababu kimo chake yeye wakati huo kililingana na pale mtutu ulipoishia askari alipoitundika begani. Ndicho alichokiona kila alipoenda kuteka maji. Nilidhani ni mawazo ya utoto, mpaka nilipoiona picha ya bunduki hiyo katika kitabu, faneli yake ikiwa pale pale mdomoni.

Sasa sikiliza jambo linalouma zaidi. Waruhiu Itote, tunayemjua kwa jina la Jenerali China, aliingia jeshi la Keya mwaka 1942 akapigana Burma kwa ajili ya Mfalme wa Uingereza. Huko ndiko alikojifunza namna ya kuishi na kupigana msituni. Alirudi nyumbani akakuta ardhi ni ile ile isiyo yake na kipande ni kile kile cha kutembea nacho. Askari waliporudi walirudisha bunduki ghalani. Mwafrika alipewa bunduki kumpigania Mwingereza, vita vikiisha akapokonywa, kana kwamba alikuwa ameazima sufuria ya jirani. Itote akaingia msituni mwaka 1952, akawa mkuu wa wapiganaji wa Mlima Kenya mpaka alipokamatwa Januari 1954. Basi huyo mtu alifunzwa vita katika msitu wa Burma, kisha akawindwa katika msitu wa kwao na jeshi lile lile lililomfunza, likiwa na silaha iliyotengenezwa kwa ajili ya askari kama yeye. Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu.

MABOMBA NA MAKOMEO

Wapiganaji wa Mau Mau walikuwa na bunduki chache za kiwandani. Nyingine walizipora, na nyingi walijitengenezea. Walichukua bomba la maji likawa mtutu. Walichonga mti ukawa kitako. Na unajua walitumia nini kupigia risasi? Komeo la mlango! Komeo lile lile la dukani, likavutwa nyuma kwa ukanda wa mpira wa gurudumu, likiachiliwa linaruka mbele na kuigonga risasi. Nilipoyasoma hayo nilicheka, kisha sikucheka tena. Bunduki hizo mara nyingine zilipasuka mikononi mwa mwenyewe. Mtu aliyeishika alijua hivyo, na bado aliishika.

Bunduki za komeo za Mwingereza ziliendelea kuonekana nchini miaka mingi baada ya Uhuru wa 1963. Polisi na askari wa akiba vijijini walibeba ile ndefu ya wakati wa vita, iliyoitwa Mark 4 na watu wengi, kabla ya silaha mpya kama G3 kuchukua nafasi yake. Chuma hakizeeki upesi kama mtu.

TAMATI

Nimekueleza, msomaji, jinsi bunduki ilivyofupishwa kutoka sentimita 126 hadi 113, halafu hadi 100. Ukumbuke kwamba kila moja ya bunduki hizo iligongwa namba yake juu ya chuma, nayo ikaandikwa katika daftari la ghala. Bunduki ikipotea, askari aliulizwa. Je, na mwanadamu alipopotea?

Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti juu ya Vita Vikuu vya Kwanza. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na ikaomba radhi. Ukumbusho wa askari ulioko barabara ya Jomo Kenyatta hapa kisiwani tunaupita kila siku tukienda mjini. Hauna orodha ya majina. Namba za bunduki ziliandikwa, majina ya watu hayakuandikwa.

Kwa hivyo nawaomba wanachama wenzangu jambo moja ambalo halihitaji pesa wala ruhusa ya mtu. Likizo hii kila mmoja aulize nyumbani kwao: nani wa ukoo wetu alikwenda Keya, nani alibeba mizigo, nani aliingia msituni, na nani hakurudi? Andikeni majina kwenye daftari, na mwaka wa kuondoka ukijulikana. Yaleteni chamani, tuyachape katika toleo lijalo, hata yakijaza ukurasa mmoja tu. Daftari la bunduki walilitunza wao. La watu tulitunze sisi.